Jaja alimwandikia barua Lucille Ball: nitaiandikaje riwaya yake?

SWALI: Mwalimu gyebaleko. Nimesoma riwaya ya Mmarekani mmoja, amechukua maisha ya Lucille Ball, yule staa wa vichekesho vya televisheni miaka ya 1950, akayachanganya na historia ya babu yake mwenyewe mpaka akawaundia mapenzi. Nilishtuka maana sisi nyumbani tuna stori yetu na mama huyohuyo. Jaja wangu mwanaume, yaani babu, alikuwa fundi wa redio na tivii hapa Jinja, kwenye duka la Muhindi, kuanzia miaka ya 60. Inasemekana alimwandikia Lucy barua akatumiwa picha yenye sahihi. Jaja mwanamke akaificha chini kabisa ya sanduku la magauni yake ya gomesi, na mpaka leo familia wanacheka eti ni wivu. Wote wawili wameshafariki, picha nimerithi mimi. Nataka kuandika riwaya kwa Kiswahili. Inaruhusiwa kumtumia mtu wa kweli? Niwakutanishe kama yule Mmarekani alivyofanya? Na mashangazi wananiambia niwaache wafu wapumzike. Mjukuu wa Fundi, Jinja.

JIBU: Mjukuu, inaruhusiwa. Nalisema mapema lisikukoseshe usingizi, mambo ya sheria nitayagusa huko chini. Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako si sheria, ni mizani. Una watu wawili wakubwa kwenye riwaya moja, mmoja anajulikana kupita kiasi na mwingine hajulikani kabisa, na waandishi wengi wanaojaribu kitu cha aina hii wanazama palepale. Sura za staa zinakuwa Wikipedia iliyovalishwa suti, sura za babu zinakuwa matanga, watu wanalia tu na kusifu.

Hebu tazama tofauti yenyewe. Lucille Ball alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 Jamestown, jimbo la New York, baba yake akafa kwa homa ya matumbo yeye akiwa na miaka mitatu, akafunga ndoa na Desi Arnaz 30 Novemba 1940, kipindi chao I Love Lucy kikaanza kurushwa na kituo cha CBS Jumatatu ya 15 Oktoba 1951, akafariki 26 Aprili 1989. Ukitaka kujua alikuwa wapi usiku fulani wa mwaka 1953 unaweza kujua, na ni nani alikuwa naye, na alivaa nini. Sasa jaja wako. Alizaliwa lini? Nina hakika nyumbani watakujibu "mwaka wa njaa" au "kabla ya vita", na kitambulisho kikisema 1 Januari basi ujue karani alichoka. Kwa hiyo kazi yako pande hizi mbili si moja. Kwa Lucy kazi yako ni kutupa, unatupa tarehe, unatupa sinema, unatupa tuzo, mpaka abaki mama mmoja chumbani. Kwa jaja kazi yako ni kujenga, kitasa kwa kitasa. Ukifanya kinyume, ukamjenga Lucy na kumtupa jaja, utakuwa umeandika kitabu ambacho Wamarekani wanavyo tayari mia.

Kabla hujaandika hata sentensi moja, kaa na ile picha dirishani mchana. Mastaa wa enzi zile walipokea mabarua kwa magunia, na ofisi zao zilikuwa na makarani ambao kazi yao ni kutuma picha tu, sahihi nyingine ikiwa imechapwa pamoja na picha, nyingine imepigwa muhuri, nyingine imeandikwa na karani mwenye mkono mzuri. Tafuta lenzi, hata ile ya fundi saa. Inamisha picha mwanga upite juu yake kwa ubavu. Wino wa kalamu halisi unakaa juu ya ule mng'ao wa karatasi, unauona unang'aa kivyake, na kalamu ya biki huwa inaacha kamfereji kadogo. Sahihi iliyochapwa haina kitu, ni sehemu ya picha kama vile nyusi zake. Geuza nyuma, kuna muhuri? Kuna namba? Bahasha ipo? Kama ipo, muhuri wa posta una tarehe na mji, na hiyo tarehe moja itakupangia riwaya nzima. Na tafadhali sana usiipeleke kulaminishwa. Najua kuna mtu nyumbani atapendekeza.

Sasa tuseme umeona sahihi imechapwa, yaani Lucille hakuigusa hiyo picha maishani mwake. Usikate tamaa, umepata kitu kikubwa. Mwanaume amekaa miaka na picha akiamini mkono wa yule mama umepita pale, kumbe ni mkono wa karani ambaye hata jina la Jinja hajui kulitamka. Jaja alijua? Fundi ni mtu wa kutazama vitu kwa karibu, anatofautisha wino na chapa kwa jicho tu, kwa hiyo mimi nadhani alijua siku ileile aliyofungua bahasha, na hakumwambia mtu. Hiyo ni sura nzima na haina haja ya kumsafirisha mtu yeyote kwenda popote.

Ndiyo maana kwa swali lako la pili nakujibu usiwakutanishe. Yule Mmarekani aliwakutanisha kwa sababu babu yake na Lucille walikuwa nchi moja, kukutana kwao kunawezekana, msomaji anakubali, anaendelea. Wewe ukimpandisha jaja ndege mwaka 1966 kutoka Entebbe mpaka Los Angeles utatumia sura tatu kutueleza nauli aliipata wapi, pasipoti, makoti, na tukifika huko tumeshachoka. Halafu utapoteza kitu ambacho Mmarekani hana na wewe unacho, ambacho ni umbali. Hapa naomba univumilie kidogo maana ndipo utamu wote ulipo.

Uganda Television, UTV ile, ilianza kurusha matangazo mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Sasa weka tarehe hizo mezani pamoja na za Lucille. Kwenye I Love Lucy yeye na Desi ni mke na mume, wanagombana kichekesho, wanapatana, wanabusiana, mwisho. Kwenye maisha, Desi alikuwa anakunywa na anatoka nje ya ndoa miaka na miaka, na Machi 1960, mara tu walipomaliza kurekodi kipindi chao cha mwisho pamoja, Lucille alikwenda mahakamani kudai talaka. Mwaka 1961 akaolewa na Gary Morton. Mwaka 1962 akanunua hisa za Desi kwenye kampuni yao ya Desilu akawa bosi wa studio nzima, na ni yeye aliyekuwa kwenye kiti hicho vipindi vya Star Trek na Mission: Impossible vilipopitishwa. Umeona? Siku ambayo Mganda yeyote angeweza kukaa mbele ya tivii ya UTV na kumwona Lucy akimkimbilia mume wake, ile ndoa ilikuwa imekufa miaka mitatu nyuma. Jaja alimpenda mke wa mtu ambaye si mke wa mtu yule tena, katika nyumba ambayo ni mbao na rangi, kwenye studio ambayo yule mama anayejifanya hajui kupika wala kutunza pesa ndiye sasa anasaini hundi zake.

Na sababu ya picha hiyo kuweza kusafiri mbali kiasi hicho ni ya kifundi, kwa hiyo ni mali ya jaja wako, mpe yeye aieleze. Mwanzoni mwa miaka ya 50 vipindi vingi vya Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na kwa miji ambayo waya haukufika waliweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha tivii wakarekodi kile kioo, kineskopu walikuwa wanaiita, picha inatoka na ukungu kama umeitazama kupitia chandarua. CBS walitaka Lucille na Desi wahamie New York. Wao wakakataa kuondoka Hollywood, wakasema tutapiga kwa filamu kamili ya sinema, milimita 35, kamera tatu kwa pamoja na watazamaji wa kweli wamekaa wanacheka, wakamchukua mpiga picha mkongwe wa sinema Karl Freund kupanga taa. Gharama ikapanda, wakakubali kukatwa mshahara, lakini kwa sharti kwamba filamu zibaki mali yao. Watu waliona ni ujinga, nani atataka kutazama kichekesho kilichopita? Zile filamu ndizo zilizowatajirisha, mpaka mwaka 1957 wakainunua studio ya RKO, palepale ambapo Lucille aliwahi kuwa mwigizaji wa mkataba wa kawaida tu. Kioo kikavu kisicho na ukungu, miaka kadhaa baadaye, mbele ya fundi mwenye bisibisi mkononi. Huoni riwaya hapo?

Ila kitu kimoja, thibitisha kwanza alimwona wapi. Usiandike kwamba UTV walirusha kipindi fulani usiku fulani mpaka umeona ratiba kwenye gazeti la siku hizo, Uganda Argus, na Maktaba ya Makerere ndiko pa kuanzia. Ukikuta hakuna, bado una njia, Lucille alikuwa kwenye sinema chungu nzima miaka ya 30 na 40 kabla ya tivii kumtambua, na magazeti ya kigeni yalikuwa yanafungia bidhaa dukani. Unaweza hata kuamua kwamba jaja alimwona mara moja tu, kwenye seti ya mteja aliyokuwa anaijaribu. Mimi hiyo ningeipenda zaidi.

Kuhusu duka, nataka mikono. Waandishi wetu wakisema "alikuwa fundi" wanadhani wameshamaliza. Seti za zamani zile zilikuwa na valvu ndani, zile taa za kioo, unawasha, unasubiri, sauti inatangulia, picha inakuja taratibu kutoka kwenye weusi, na ukizima picha inajikunja inakuwa nukta nyeupe katikati inayokataa kufa. Ukifungua mgongo wa seti kuna vumbi lililoungua lina harufu yake, na fundi anayejua kazi haingizi mkono ovyo hata kama waya umechomolewa, maana kile kioo kikubwa kinatunza umeme mkali muda mrefu baada ya kuzimwa, lazima auondoe kwanza kwa bisibisi yenye waya wa ardhi, unasikia tap! Sasa mwanaume huyu anamtoa umeme yule mwanamke kabla ya kumgusa. Sikwambii uandike hivyo, nakwambia ujue hivyo unapoandika. Na jambo lingine, tivii yote ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nywele za Lucille zilikuwa nyekundu maarufu dunia nzima, alizipaka hina, na jaja hakuziona hata siku moja. Mke wa mwenye duka alikuwa na hina mikononi kila harusi. Basi, nimekaa kimya.

Barua nayo ilifikaje? Uganda hatupokei barua mlangoni, tunapokea kwenye sanduku la posta, na kijana wa dukani miaka ya 60 hakuwa na sanduku lake, kwa hiyo ilikuja kwa sanduku la Muhindi. Maana yake Muhindi aliiona kwanza. Alimcheka? Alimwita kando? Alimfungulia? Huyo mzee wa duka anakaa kwenye barua yako kwa neno moja tu, na mimi naona ni mtu wa tatu wa riwaya. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin akatangaza Wahindi waondoke nchini, siku 90, mwisho ukawa tarehe 8 Novemba, na maduka ya Main Street yakagawiwa watu ambao mji mzima uliwaita mafuta mingi. Nani alibaki na ufunguo wa duka? Nani alibaki na ufunguo wa sanduku la posta? Kuna seti za wateja zilizokuwa juu ya meza hazijaisha kutengenezwa, zilikwenda wapi? Na ukitaka kumfunga Muhindi na upande wa Marekani bila kulazimisha, una Desi. Watu wanamkumbuka kama Mkyuba wa kupiga ngoma na kuimba, lakini baba yake alikuwa meya wa Santiago de Cuba, matajiri wenye mashamba, na mapinduzi ya 1933 yakawanyang'anya kila kitu, baba akafungwa, wakaishia Miami kuanza upya. Yule mwanaume anayechekesha kwenye kioo alikuwa mkimbizi. Mwenye duka ambaye kila jioni anatazama seti za wateja hajui kwamba anaitazama kesho yake.

Sasa tufike kwa jaja mwanamke, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye riwaya, na samahani kwa fundi wetu.

Familia wanasema wivu. Inawezekana, mwanaume akiweka picha ya mzungu anayecheka juu ya kabati la vyombo kuna vikombe vitavunjika. Lakini waulize mashangazi swali moja tu, picha ilifichwa mwaka gani? Maana Jinja si mji wa kawaida, ni mji wa kambi ya jeshi, waliokuwa wanaleta redio kwa jaja wengi walikuwa wanajeshi, na kambi hiyo ni mojawapo ya zile ambazo mwaka 1971 wanajeshi Waacholi na Walangi waliuawa ndani yake. Mwaka huohuo Julai Wamarekani wawili waliokuwa wanachunguza mauaji ya kambi ya Mbarara nao waliuawa. Mwaka 1973 ubalozi wa Marekani Kampala ukafungwa. Watu wa State Research, majasusi wa Amin, walikuwa wanaingia nyumba za watu na kutoka na watu. Sasa wewe ni mke wa fundi wa redio, mtu anayejua kunasa stesheni za mbali, na kwenye kabati lako kuna bahasha yenye stempu za Marekani. Utaificha au hutaificha? Na ukiwa na watoto wadogo wanaopayuka, utawaambia sababu, au utaacha waamini ni wivu kwa sababu wivu hauui mtu?

Naomba usilichukue hilo kama jibu, lichukue kama swali la kwenda nalo nyumbani. Likikataa, likikutwa ni wivu kweli wa mwaka 1967, basi andika wivu. Lakini likikubali, angalia linavyokutana na Lucille, na hapa ndipo ule mshono unaoutafuta ulipo, si kwenye mapenzi.

Lucille alilelewa zaidi na babu yake mzaa mama, Fred Hunt. Ndiye aliyempeleka kuona maonyesho ya jukwaani akiwa mtoto. Mwaka 1927 mzee huyo alikuwa nyumbani kwake Celoron, karibu na Jamestown, anasimamia watoto wakilenga shabaha kwa bunduki ndogo, mtoto wa jirani akapita mbele ya risasi, akapooza. Ikafunguliwa kesi, mzee akapoteza nyumba, familia ikatawanyika. Huyo ndiye babu. Alikuwa mjamaa wa damu, mtu wa kutetea wafanyakazi mpaka kwenye meza ya chakula, na mwaka 1936, wakiwa Hollywood, ili tu kumridhisha mzee mgonjwa, Lucille na mama yake na kaka yake wakajiandikisha kwamba watapigia kura chama cha Kikomunisti. Karatasi moja, sahihi moja, ya kumfurahisha babu. Miaka 17 ikapita. Septemba 1953, akiwa mwanamke anayetazamwa kuliko wote Marekani, mpelelezi wa ile kamati ya Bunge iliyowinda Wakomunisti akamkalisha chini akamuuliza kuhusu karatasi ile. Siku mbili baadaye mtangazaji wa redio Walter Winchell akadokeza hewani kwamba kuna mwigizaji mkubwa wa vichekesho wa kike ni mwekundu. Enzi hizo watu walikuwa wanapoteza kazi kwa chini ya hapo. Alinusurika, kamati ikasema haina kesi naye, Desi akasimama mbele ya watazamaji wa studio kumtetea na watu wakashangilia, lakini hebu mfikirie ile wiki, amelala macho wazi kwa sababu ya sahihi aliyoweka kwa ajili ya mapenzi ya mzee.

Kwa hiyo una mwanamke California mwenye karatasi inayoweza kuiangusha nyumba, na una mwanamke Jinja mwenye karatasi inayoweza kuiangusha nyumba, na karatasi ya pili imetoka kwa yule wa kwanza. Hawajuani. Hawana haja ya kujuana. Na katikati kuna mjukuu, maana Lucille mwenyewe alikuwa mjukuu anayelipa madeni ya babu, na wewe ndiyo hivyohivyo. Hiyo ndiyo riwaya ningeinunua.

Ukishaamua hivyo, sura za Lucille zinajichagua. Mbili tatu zinatosha. Kuna Celoron 1927, kuna Septemba 1953, na kama unataka ya tatu chukua 19 Januari 1953, ile siku ya ajabu ambapo Lucy wa kwenye kioo alijifungua mtoto wa kiume usiku na Lucille wa kweli alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji siku hiyohiyo, watu kama milioni 44 wakatazama, na kesho yake Eisenhower akaapishwa urais na watazamaji walikuwa milioni 29 hivi. Miezi yote hiyo tumbo lilikuwa mbele ya kamera na CBS hawakutaka neno la mimba litamkwe. Jaja mwanamke, ambaye najua alizaa wengi na kwa mkunga, angesema nini kuhusu hilo? Mpe sentensi moja tu, atamaliza. Hayo mengine, vile vipindi maarufu vya zabibu na chokoleti, sinema, tuzo, tupa kule. Msomaji anayeyapenda anayo.

Utafiti wa huku kwetu usiuogope. Nyaraka za wilaya ya Jinja zipo na zimewahi kupangwa na kuorodheshwa, nenda na barua ya utambulisho, nenda mapema, nenda na maski maana vumbi lile si la mchezo. Hifadhi ya Taifa iko Wandegeya. Na usisahau picha, UBC, shirika la utangazaji la taifa, walikutwa na kabati la negativu kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Amin, na mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa Jumba la Makumbusho Kampala. Utaona watu walivyovaa, mabango ya maduka yalivyoandikwa, walivyosimama. Picha zile hazionyeshi mauaji, zinaonyesha makofi na mikutano, na hilo lenyewe ni somo kwa mtu anayeandika kuhusu kioo kinachotabasamu.

Lugha usiihangaikie sana. Kiswahili kibebe masimulizi, na dukani kibaki Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotumika pale kaunta kati ya Muhindi, fundi na askari, kile cha amri na bei, kifupi kifupi. Nyumbani waache waseme Lusoga, weka maneno machache yanayoeleweka kwa muktadha, usiweke faharasa nyuma ya kitabu, inachosha. Lucille aongee Kiswahili sanifu tu kama wewe unavyosimulia. Usimpe "oh my God", tunakuomba.

Sheria sasa, haraka. Matukio ya maisha ya mtu si mali ya mtu, tarehe, ndoa, kesi, kila mtu anaweza kuyatumia. Kinacholindwa ni maneno na picha, na hapa Uganda ni ile Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006. Usinyofoe aya kutoka vitabu vya maisha yake. Kuwa na picha mkononi si kuwa na haki ya kuichapa, kwa hiyo ielezee kwa maneno, usiichape, na hasa usiiweke kwenye jalada, maana kule California sura ya marehemu maarufu inalindwa miaka 70 kwa mambo ya biashara, riwaya yenyewe ikiwa imeachiwa nafasi yake. Wafu hawashtaki kwa kuchafuliwa jina, lakini walio hai wanashtaki, na hapo mtu wa kumwogopa si wa Hollywood, ni familia ya yule mwenye duka na familia ya aliyegawiwa duka 1972, ambao huenda mnaswali au mnasali nao pamoja. Badilisha majina, badilisha mtaa, badilisha hata biashara ya jirani. Kama barua za jaja mwenyewe zipo, haki yake ni ya warithi wote mpaka miaka 50 baada ya kifo chake, si yako peke yako kwa sababu eti unajua kuandika. Omba ruhusa, kwa maandishi, na waeleze wazi kwamba utaongeza na kupunguza.

Hapo ndipo mashangazi wanapoingia. Wakisema waache wafu wapumzike huwa hawazungumzii wafu, wanazungumzia kitu wanachojua wao na wewe hujui. Usiwakusanye sebuleni kama mkutano wa ukoo, wakikaa pamoja watakubaliana stori moja safi na hiyo ndiyo utakayopewa hadi mwisho. Mfuate mmoja mmoja. Anza na aliyekuwa binti mkubwa nyumbani miaka ya 1972 na 1973, maana ndiye aliyetumwa dukani, ndiye aliyekunja gomesi kwenye lile sanduku, atakuwa anajua. Usitoe simu kurekodi siku ya kwanza. Menya naye matooke, zungumza bei ya sukari, halafu uliza kuhusu sanduku, usiulize kuhusu picha, yeye ndiye atakayeitaja. Akinyamaza, nawe nyamaza, usimjazie maneno. Na kabla kitabu hakijaenda popote yeye awe wa kwanza kusomewa zile sura za mama yake, kwa sauti, na akisema neno fulani litoke, litoe.

Ukimaliza sura tatu za kwanza nitumie kwa imeili, faili moja. Vipande vya WhatsApp saa sita za usiku sisomi.